Mwanga unaweza kuchongwa? Swali kuhusu koni ya Anthony McCall

Mchonga Mpingo (Dar es Salaam) aliuliza:

Naomba msaada wa wenye ujuzi. Mimi ni mchongaji. Nimekulia katika karakana ya baba yangu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa mpingo, tezo na patasi. Mwaka huu nimejiunga na kozi ya jioni ya sanaa ya kisasa, na katika somo la sanamu tulionyeshwa picha za kazi ya mwaka 1973 ya msanii Mwingereza, Anthony McCall, iitwayo *Line Describing a Cone*, yaani mstari unaochora koni (wale waliosoma hisabati kwa Kiswahili wataikumbuka koni kwa jina la pia). Ni filamu ya milimita 16 inayochukua dakika 30. Haina mwigizaji, haina hadithi, haina sauti. Kuna nukta nyeupe tu juu ya weusi, ambayo inatembea polepole na kuacha mstari nyuma yake mpaka duara linakamilika ukutani. Tuliambiwa kwamba kazi yenyewe haiko ukutani bali iko hewani, kati ya projekta na ukuta, na kwamba wahakiki wengi huihesabu kuwa sanamu sawa na ilivyo filamu.

Nilivutiwa, lakini sikushawishika, na sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni ya ufundi. Kwetu sisi kuchonga ni kuondoa. Gogo la mpingo lina uzito, lina nyuzi zake, lina ganda jeupe na kiini cheusi, na kila siku hukataa jambo fulani ambalo mchongaji alikuwa amelikusudia. Sehemu kubwa ya ustadi wetu ni kujua namna ya kukubaliana na ukatavu huo. Mwanga haukatai chochote. Basi mchongaji wa mwanga anaondoa nini, na anakiondoa kwenye nini?

Ya pili ni kwamba tulijaribu wenyewe. Tulichora duara jeupe kwenye kompyuta, tukalirusha kwa projekta ya kawaida ya ofisini, tukafunga mapazia na kuzima taa. Ukutani duara lilionekana vizuri kabisa. Hewani hapakuwa na kitu. Tulisimama kando ya projekta kwa dakika kumi, tukitazama mbele na kusubiri sanamu ambayo haikutokea, kisha tukawasha taa na kwenda nyumbani. Je, tulikosea wapi, au picha zile zilitengenezwa kwa ujanja wa mpiga picha?

Fundi wa Sinema (Mombasa) alijibu:

Ndugu Mchonga Mpingo, nitaanza na sababu yako ya pili, kwa kuwa hiyo ndiyo niliyoishi nayo. Nimeendesha projekta za filamu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wakati wote huo watazamaji walikuwa wakiitazama skrini, huku mimi, katika chumba changu kidogo cha nyuma, nikiutazama mwale.

Picha hazikuwadanganya. Mwanga unaokatiza mbele ya macho yako kwenda kwingine hauonekani, kwa sababu jicho huona ule tu unaoliingia. Kinachoufanya mwale wa projekta uonekane ni chembe zilizomo hewani, yaani vumbi, moshi na matone madogo sana ya maji, ambazo kila moja hukengeusha sehemu ndogo ya mwanga kutoka njia yake mpaka ikafika jichoni. Mwanafizikia John Tyndall alilionyesha jambo hili mjini London mwaka 1870, katika mhadhara wake kuhusu vumbi na magonjwa. Alipitisha mwale mkali katika chumba chenye giza, akaweka taa ya spiriti chini yake, na mara mawingu meusi yakaanza kupanda ndani ya mwale kama moshi mzito. Hayakuwa moshi. Ilikuwa ni hewa iliyopoteza vumbi lake kwa moto ule, hewa safi kabisa, na kwa kuwa ilikuwa safi, mwanga ulipita ndani yake bila kuacha alama yoyote.

Wengi wetu wa pwani tuliliona jambo hili kabla hatujafundishwa. Asubuhi, bibi yangu alipokuwa akifukiza udi chetezoni, jua lililoingia kwa tundu la dirisha la mbao liligeuka kuwa fito iliyonyooka kutoka dirishani hadi sakafuni, na sisi watoto tulikuwa tukiikata kwa viganja na kustaajabu kwamba haivunjiki.

Historia ya kazi unayoiuliza imefungamana na vumbi hilo. Filamu ya McCall ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 30 Agosti 1973 huko Stockholm, katika ukumbi wa Fylkingen. Baadaye ikaonyeshwa New York, ambako msanii alikuwa amehamia mwaka huohuo, katika maghala na karakana za zamani ambazo wasanii walikuwa wamezigeuza makazi. Sakafu zilikuwa na vumbi la miaka mingi, na waliohudhuria walivuta sigara. Hakuna aliyehitaji kutengeneza ukungu, kwa maana hewa yenyewe ilikuwa tayari. Kazi hiyohiyo ilipopelekwa katika kumbi safi za makumbusho, ambamo sigara zilipigwa marufuku na hewa huchujwa usiku na mchana, koni ilififia mpaka ikakaribia kutoweka, kama ilivyowatokea ninyi darasani. McCall aliacha kufanya kazi za namna hii mwishoni mwa miaka ya 1970, akajishughulisha na usanifu wa machapisho kwa zaidi ya miaka 20, na aliporudi na kazi ya *Doubling Back* mwaka 2003, tayari kulikuwa na mashine za ukungu mwepesi kama zile zinazotumika kwenye majukwaa ya muziki. Siku hizi mashine hizo huwekwa ukumbini pamoja na projekta, nazo ni sehemu ya kazi kama gundi ilivyo sehemu ya kiti.

Hata hivyo, kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo lililowaangusha zaidi. Unasema mlisimama kando ya projekta mkitazama mbele. Hapo ndipo pabaya kuliko pote. Chembe za moshi na vumbi hazirushi mwanga sawasawa pande zote; sehemu kubwa huendelea mbele, ikipinda kidogo tu. Mtu aliye upande wa projekta hupata masazo. Anayesimama upande wa ukuta na kuigeukia lenzi huelekewa na sehemu kubwa ya mwanga unaokengeuka, na kwake mwale huohuo huwa mkali mara nyingi zaidi. Ndiyo maana katika kazi hii watu huupa ukuta mgongo.

Tena, projekta ya ofisini haijui giza. Sehemu ya picha iliyo nyeusi bado hupitisha mwanga hafifu wa kijivu, na ukiweka moshi, kijivu hicho hujaza hewa yote na kuimeza koni. Filamu ya milimita 16 yenye weusi mzito huzuia vizuri zaidi. Kama unaweza kupata projekta ya zamani ya slaidi, chukua fremu ya slaidi, ifunike kwa karatasi ya alumini, kisha ukate mstari mwembamba kwa wembe. Usiuweke mkato huo mbele ya lenzi, kwa sababu kingo zitakuwa na ukungu. Uweke pale slaidi inapokaa, na kingo zitatoka kali.

Mwalimu wa Sanaa (Nairobi) alijibu:

Namshukuru Fundi kwa maelezo yake, na ningependa kulijibu lile swali la kwanza, ambalo kwangu ndilo zito. Ndugu Mchonga Mpingo, umeuliza mchongaji wa mwanga anaondoa nini. Nadhani jibu limo katika ile karatasi ya alumini.

Fikiria taa ya projekta ikiwaka bila filamu. Mwanga unatoka wote, unajaza hewa kutoka lenzi hadi ukutani, nao hauna umbo zaidi ya lile la tundu linalotokea. Hilo ndilo gogo. McCall alichora mstari mweupe juu ya karatasi nyeusi na kuupiga picha kwa kamera ya katuni, fremu moja baada ya nyingine. Kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde, dakika 30 ni fremu 43,200. Katika kila moja ya fremu hizo filamu ni nyeusi karibu yote, isipokuwa ule mstari mwembamba. Kwa hiyo kazi ya filamu ile ni kuzuia. Inauondoa mwanga wa ndani ya koni, inauondoa wa nje yake, na kubakiza ganda tu. Mwishoni unapata umbo tupu ndani, lenye ukuta mwembamba sana, ambalo mtu mzima anaweza kuingia na kusimama katikati yake. Wewe unayeondoa ganda jeupe ili ubaki na kiini cheusi, hebu tazama mtu aliyefanya kinyume chake kwa mantiki ileile.

Pia naomba tusiusahau muda. Duara la digrii 360 likichorwa kwa dakika 30, mstari unasogea digrii 12 kila dakika. Ni mwendo ambao huuoni ukitendeka. Unageuza uso kumtazama jirani, ukirudi unakuta ukingo umehama. Mwanzoni kuna uzi mmoja tu wa mwanga, kisha unapanuka kuwa kama kipande cha shuka kilichopinda, kisha shuka hiyo inajikunja mpaka inafunga. Hakuna sanamu ya mti inayomruhusu mtazamaji kuwapo tangu gogo hadi msasa wa mwisho, nami nadhani hapa filamu imeipa sanaa ya sanamu kitu ambacho haikuwa nacho.

McCall mwenyewe alieleza kwamba filamu yake inashughulika na mwale wenyewe, badala ya kuufanya mchukuzi wa picha anayepeleka mzigo ukutani. Hakuwa peke yake katika fikra hizo. Alitokana na kundi la watengenezaji filamu wa London waliokuwa wakijiuliza sinema ni nini ukiiondolea hadithi. Lis Rhodes, kwa mfano, mwaka 1975 alitengeneza *Light Music*, ambamo projekta mbili zinatazamana na watu wanatembea katikati yake, na mistari ileile myeusi na myeupe iliyochapwa kwenye picha imechapwa pia kwenye njia ya sauti ya filamu (ule ukanda wa pembeni ambao projekta huusoma na kuugeuza sauti), hivyo unachokisikia ndicho unachokiona. McCall naye mwaka huohuo alisogea mbali zaidi. Katika *Long Film for Ambient Light*, iliyochukua saa 24 huko New York, hakutumia filamu wala projekta. Palikuwa na chumba, madirisha yaliyofunikwa kwa karatasi nyeupe, balbu moja iliyoning'inia, na mchoro wa ratiba ukutani. Mchana madirisha yaliuingiza mwanga chumbani. Usiku ukatoka kwa balbu na madirisha yakawa skrini.

Mtetezi wa Umbo (Arusha) aliandika:

Nimesoma kwa makini na bado nina shaka, nami nitaieleza kwa heshima. Ninakubali kwamba kazi hizi ni za thamani. Ninachokataa ni kuliazima neno sanamu bila kulipia gharama yake. Sanamu ni kitu kinachokupinga. Ukienda bila kutazama, utajigonga nacho. Mkono ukipita ndani yake bila kuguswa na chochote, hicho ni taswira, hata kama ni taswira yenye kina.

Msanii László Moholy-Nagy, kwa maoni yangu, aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1930 alionyesha mjini Paris mashine yake ya chuma na kioo yenye urefu wa mita moja na nusu hivi, iliyozungushwa kwa mota ya umeme na kumulikwa kwa taa ili itupe vivuli na mng'ao kwenye kuta. Mwaka huohuo aliitengenezea filamu, na ndani yake hutafuti tena mashine. Unafuata matundu, vivuli na mimeto. Alivitenganisha: sanamu ni ile yenye uzito, iliyo leo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, na mwanga ni kile ambacho sanamu inakifanya.

Ama msanii Dan Flavin, aliyechukua taa ya tyubu ya dukani yenye urefu wa futi 8 na kuiegemeza ukutani kwa pembe ya digrii 45 tarehe 25 Mei 1963, huyo walau alikuwa na tyubu. Ikiungua, unabadilisha. Katika koni ya McCall, ukiizima projekta unabaki na nini mkononi?

Mwalimu wa Sanaa (Nairobi) alijibu:

Ndugu yangu wa Arusha, mfano wako wa Flavin una kisa kinachonipa nguvu mimi. Baada ya kifo chake, jumba moja la sanaa liliingiza kazi zake Uingereza, na ukazuka mgogoro wa forodha: je, hizi ni sanamu zinazostahili kodi ndogo, au ni vifaa vya taa? Baraza la mashauri ya kodi la Uingereza mwaka 2008 lilisema ni sanaa. Mwaka 2010 Kamisheni ya Ulaya ikaamua kinyume, kwamba kwa forodha hivyo ni vifaa vya taa vya ukutani. Uamuzi huo uliwaudhi wapenda sanaa wengi, nami nikiwamo. Lakini usome vizuri sababu yao: walisema kazi ya sanaa si kile kifaa, bali ni mwanga unaotokea kinapowashwa. Maofisa wa kodi, ambao kazi yao ni kuhesabu vitu vinavyoshikika, walikiri kwamba kilichokuwa sanaa ndicho wasichoweza kukiweka kwenye mzani.

Kuhusu kupinga, nikupe kipimo kingine. Mchukue msanii James Turrell na kazi yake *Afrum I*, ya mwaka 1967. Anarusha mwanga mweupe kwenye kona ya chumba, na kwa mbali unaona mchemraba imara unaoelea. Unapoukaribia na kutaka kuuzunguka, unalala ukawa viraka viwili bapa ukutani. Umbo lile lilikuwa katika jicho lako. Koni ya McCall haifanyi hivyo. Unaikaribia, bado ipo. Unaizunguka, inabadilika kwa taratibu za kitu chenye pande. Unainama chini yake, ina sehemu ya chini. Watu wawili wanaweza kuielekezea kidole sehemu ileile. Nami nimeona watu wazima wakiinua miguu kuuvuka ukingo wake, au wakiukwepa kwa bega, wakati wanajua fika kwamba hakuna kitakachowagusa. Mwili umeshaamua kabla ya akili.

Na mkono unaosema unapita bure haupiti bure. Ukiuweka ndani ya mwale, kila kilicho nyuma ya mkono huo, hadi ukutani, kinakatika. Mtazamaji ameondoa sehemu ya umbo kwa mwili wake, na akiutoa mkono, sehemu hiyo inarudi. Mtu yeyote katika chumba kile ameshika patasi.

Mtetezi wa Umbo (Arusha) aliandika:

Hoja ya Turrell ina uzito na nitaifikiria. Ile ya kodi sijaikubali, kwa kuwa ofisa wa forodha anaweza kusema kweli kwa bahati. Nitasubiri nisimame mwenyewe mbele ya kazi kama hiyo.

Mchonga Mpingo (Dar es Salaam) aliandika:

Mzee wangu Fundi, shikamoo, na Mwalimu, nakushukuru sana. Sikutaka kurudi na maneno matupu, kwa hiyo nilisubiri mpaka nijaribu.

Nilimpata jirani mwenye projekta ya slaidi iliyokuwa haijawashwa kwa miaka. Taa yake ilikuwa nzima. Nilikata alumini kwa wembe kama ulivyoelekeza, mara ya kwanza vibaya, mara ya tatu vizuri: nusu duara, mstari mwembamba kama unyuzi. Nilifunga chumba cha stoo ya karakana, nikafukiza udi kidogo, kisha nikatulia mpaka moshi usambae, maana mwanzoni ulikuwa umejikusanya kwa matabaka na mwale ukaonekana vipandevipande. Dirisha nililiacha wazi kidogo kwa nyuma ya pazia zito, kwa sababu moshi mwingi katika chumba kidogo si salama kwa kifua.

Nikiwa nyuma ya projekta niliona hafifu tu. Nikatembea hadi ukutani, nikageuka.

Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilirudi nyuma hatua moja. Shuka ya mwanga ilikuwa imetanda kutoka kwenye lenzi mpaka juu ya kichwa changu, imepinda, na uso wake ulikuwa unatembea, kwa sababu moshi ulikuwa ukipita ndani yake na kuonyesha mikondo ambayo sikujua kama imo katika stoo yangu. Ilinikumbusha nyuzi za mti zinapotokea baada ya msasa. Niliandika hapo mwanzo kwamba mwanga haukatai chochote, na bado nadhani ni kweli. Ila hewa inakataa. Nilitaka uso laini, hewa ikanipa mawimbi. Nilipofungua mlango kidogo ili niyatulize, yakazidi. Ilinibidi nisimame bila kusogea kwa muda mrefu mpaka yapungue, kisha hata pumzi yangu ikaanza kuyarudisha.

Katika vinyago vya mtindo wa mawingu tunaacha matundu makubwa katikati ya mti, na baba yangu alikuwa akituambia kwamba tundu nalo linachongwa, lina mdomo na lina tumbo. Mwanangu wa miaka minane aliingia stoo nikiwa pale. Sikumweleza kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya ule mkunjo, akajikunyata ndani yake, akauliza kama anaweza kukaa humo mpaka moshi uishe.

Mwalimu, nina swali moja lililobaki. Nikitaka mstari usogee kama wa McCall na sina kamera ya filamu, je, ninaweza kuweka mbele ya alumini bamba jeusi linalozungushwa polepole kwa mota ya saa ya ukutani, ili lifunue mkato kidogo kidogo? Mkono wa dakika wa saa huzunguka digrii 360 kwa saa nzima, ambao ni nusu ya mwendo wa mstari wa McCall. Kwa nusu duara langu, dakika zitakuwa 30 kamili.

Fundi wa Sinema (Mombasa) alijibu:

Marahaba. Inawezekana, na usimsubiri Mwalimu kwa hili. Bamba liwe la chuma chembamba, si karatasi, kwa sababu taa ya slaidi ina joto na karatasi itajikunja au kuungua. Liweke karibu na alumini kadiri utakavyoweza bila kugusana, la sivyo ukingo wa mstari utatoka butu. Na kabla ya kufunga mota, ondoa glasi za ile fremu ya slaidi kama zipo, uzifute vumbi. Humo ndani ndimo mahali pekee katika chumba chako ambapo vumbi halitakiwi.